Hewa Inatorokea Juu

Mikono yangu inatoka jasho. Ninasema hili kwanza, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini niliogopa chaki. Nikiishika dakika mbili inalowa, inakuwa kama kipande cha sabuni, na nikiipitisha ku tablo, ule ubao wa darasa, haiandiki. Darasa lote lilijua. Tulikuwa quatrième scientifique, upande wa sayansi ku sekondari, hapa Butembo, wasichana sita kati ya wavulana wengi. Prof wa fizikia akiniita, nilikuwa nasimama mbele nimewageuzia wenzangu mgongo, jibu ninalo mdomoni, na halitoki. Alikuwa anangoja. Kisha anasema, "Bon, rudi ukae," na anaandika zéro ya interro, mtihani mdogo wa darasani. Hakuwa mtu mubaya. Angefanya nini? Zéro zikajaa mu kitabu chake.

Baada ya Pasaka préfet aliniita ofisini. Huyo ndiye mkubwa wa masomo yetu, mzee mwenye sauti ya chini, na wasichana wote anawaita mama.

"Mama, interro za kuandika unafanya muzuri. Za kusema, hakuna kitu. Tukiweka yote pamoja, fizikia haifike nusu. Ukikosa hiyo moitié ku bulletin ya matokeo ya mwisho, mwaka kesho hauko tena scientifique. Tutakupeleka coupe et couture, ujifunze kushona. Haiko azabu. Kule hakuna exposé."

Niliangalia viatu vyangu. Kitu ambacho sikumwambia, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, ni kwamba nilitaka kubaki. Nilikuwa nimeanza kupenda namna hesabu ya penseli inaweza kukuonyesha jiwe litaanguka wapi kabla hujalitupa. Kushona si kubaya. Mama mudogo, mdogo wake mama ambaye ninakaa kwake, anashona, na sketi yangu ya masomo aliishona yeye. Lakini mimi nilitaka lile jiwe.

Ilibaki nafasi moja tu, exposé ya mwisho wa mwaka, kueleza somo mbele ya darasa. Prof alikata vipande vya karatasi, akavichanganya mu kofia yake, kila mtu akavuta kimoja. Wengine walivuta friji, dinamo ya baiskeli, radi. Changu kilisema: namna sayari zilizo karibu sana na nyota yao zinavyopoteza hewa. Hazikuwa hata sayari za jua letu, ni za nyota zingine, mbali huko. Prof akanipa kurasa tatu za Kifaransa alizokuwa amechapisha, akasema, "Hii iko nguvu kidogo. Soma polepole."

Kwetu exposé ina desturi yake. Mwanafunzi mmoja anatajwa kuwa opposant, na kazi yake ni kukuangusha. Anakaa banc ya mbele na biki, wewe unasema dakika ishirini, kisha anakuuliza mpaka ushindwe. Pointi unazopoteza, sehemu yake inamwendea yeye. Mimi nilipewa yule anayeshika nafasi ya kwanza kila mwaka. Habari ya couture ilikuwa imeshamfikia, sijui kwa njia gani.

"Mama Couturière," akaniambia pale ku robinet ya maji, "mbele ya kwenda, unipimie suruali. Mikono itakauka kule, ku mashini hakuna chaki."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, hiyo njo namna yangu ya kujificha.

Zile kurasa nilizisoma jikoni kwa mama mudogo, maharagwe yakichemka, na kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada. Zilinichukua siku nne. Nikaelewa hivi. Kuna sayari zinazozunguka karibu sana na nyota yao, mpaka mwaka wao unaisha kwa siku chache tu. Nyingi zinazaliwa zimejifunika hewa nene, hasa hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Nyota ikiwa kijana ina hasira: inatupa mwanga ambao macho yetu hayauoni, mionzi X na ultraviolet, kwa wingi kuliko itakapozeeka. Mwanga ule unapasha gesi moto, gesi inavimba, na ile nyepesi inapata mbio ya kutosha kuushinda mvuto wa sayari. Inatoka kama upepo usiorudi. Sayari nzito inavumilia, inapoteza kidogo. Ndogo inavuliwa yote, polepole, kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, mpaka kinabaki kiini cha jiwe, kitupu, kinazunguka tu.

Lakini ku ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi iliyonisumbua. Ilisema hewa ya juu kabisa ndiyo yenye joto kali sana, na ni huko gesi inakotorokea. Niliisoma mara tatu. Nikaona ni makosa ya kuchapisha.

Mimi ni mtoto wa barabara ile. Nilizaliwa Mbau, tukahamia Beni, kisha nikaletwa Butembo kusoma. Beni unalala bila blanketi. Ukipanda moto, pikipiki ya abiria, kuja Butembo, kabla ya kumaliza mupando wa Kabasha motard anasimama na kila mtu anavaa pulovera. Butembo asubuhi unapumua moshi. Ukifika Musienene siku ya soko, wamama wanauza viazi na maharagwe wamejifunga blanketi mabegani. Kupanda ni kuingia mu baridi. Mwambie mtoto wa kwetu kwamba juu kuna joto, atakuuliza kama umewahi kusafiri. Basi nikachukua rula na biki ya buluu, nikakata yale maneno très chaude, joto sana, kwa mstari mnyoofu, nikaandika juu yake froide, baridi. Nilijisikia vizuri sana. Mimi nisiyesema, nilikuwa nimemsahihisha mtu aliyesoma kunipita.

Kisha nikachora. Nyuma ya kalendari ya kanisa ya mwaka uliopita, karatasi kubwa nyeupe, niliweka nyota pembeni, sayari katikati, na duara tatu za hewa. Duara la chini nililipaka nyekundu nikaandika: joto, kama Beni. La juu, buluu: baridi, kama Butembo. Mishale myekundu ikatoka juu kwenda nje. Kwa macho ilikuwa nzuri.

Exposé ilipangwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ijumaa nilipanda moto nikaenda Beni kwa mama. Niseme ukweli, sikwenda kumsalimia. Nilitaka amwandikie préfet barua, aseme familia inakubali couture tangu sasa, ili Jumatatu nisisimame mbele ya mtu.

Mama ananunua kakao mbichi kwa wakulima wa Mbau, anaikausha uani juu ya bâche, turubai. Jumamosi yote tuliigeuza pamoja kwa reki ya mbao, tukiangalia mawingu. Mchana nikamwambia. Hakusimamisha reki.

"Barua ya nini?"

"Ya kukubali."

"Ni wewe njo unataka couture, ao ni woga njo inataka?"

Nikageuza kakao iliyokuwa imeshageuzwa.

"Lete ile kintu ulikunja mu sac. Niliiona tangu jana."

Nikatandaza karatasi chini, nikaishikilia na mawe mawili, nikaanza kueleza nikitazama kakao, si yeye. Kwa mama peke yake sauti inatoka. Nikamwambia habari ya nyota yenye hasira, na gesi nyepesi inayotangulia kutoka.

"Kama sisi ku Mbau," mama akasema.

"Namna gani?"

"Batoto njo tulitosha kule kwanza, vita ikikaribia. Kisha sisi bamama. Baba yako alibakia na mabati yake, mpaka na yeye akatoka. Pita ku parcelle yetu uone, ni misingi ya mawe tu." Akageuza mstari mwingine wa kakao. "Endelea."

Nikaendelea mpaka kwenye duara la buluu. Mama akainama, akaligusa na kidole kilichonata kakao.

"Hapa ni kweli kabisa. Ile baridi ya kwenu, mimi siiweze."

Alifurahi kuona Beni imeandikwa ku mchoro wa mbinguni. Tulikuwa wawili pale, na hakuna aliyejiuliza hewa ya baridi inapata wapi nguvu ya kutoroka.

"Barua siandike," akasema mwishoni. "Fanya kwanza exposé. Bakikukatala, bakukatale umesimama. Kisha nitakuandikia hata barua kumi."

Jumapili baada ya ibada mvua ilinyesha, hakuna moto iliyopanda. Niliondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, sare nimeivaa kabisa, karatasi nimeiviringisha na kuifunga na uzi. Siku nzuri, safari ile inaisha mapema. Lakini ku barrière ya kwanza ya askari moto zilikuwa zimejipanga mstari mrefu, injini zimezimwa. Wengine walisema kwa sauti ndogo kwamba mbele kulisikika risasi. Wengine walisema hapana, ni lori lililoteleza ku matope. Ku barabara ile haujui, unasoma tu nyuso za wamotard. Wangu alikuwa anatafuna kijiti na hamwangalii mtu.

Ikafika saa moja. Saa moja na nusu. Saa mbili. Nilikuwa naona dakika zangu za exposé zinakatwa moja moja. Na sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inafurahi: barabara ikibaki imefungwa, hakuna atakayesema nilikimbia. Niliionea haya hiyo furaha, lakini ilikuwapo.

Saa mbili na robo wakaanza kupitisha watu, wakikagua mizigo. Askari akanyoosha kidole.

"Leki, mudogo wangu, nini hiyo?"

"Ya masomo."

"Fungula."

Nikafungua. Akaiangalia muda mrefu, akamwita mwenzake. Mimi nikaangalia pamoja nao, na hapo njo nikaona walichokiona wao, ramani: duara ndani ya duara, Beni imeandikwa, Butembo imeandikwa, na mishale myekundu inakwenda nje.

"Hii ni carte," akasema yule wa kwanza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nani alikutuma na hii?"

Motard wangu akasogea hatua mbili mbali na mimi. Simulaumu.

"Haiko carte," nikasema.

"Beni, hii hapa. Butembo, hii hapa. Mishale ni ya nini? Nani anatoroka?"

"Ni hewa."

"Hewa ya nani?"

Mtu mmoja mu mstari akacheka, akanyamaza haraka. Mikono yangu ilikuwa inadondosha jasho. Nilijua kunyamaza vizuri kuliko kitu kingine chochote, na nikaelewa kwamba nikinyamaza pale, watakachoniandikia si zéro.

"Ni dunia ingine," nikasema. "Iko karibu sana na jua yake. Jua inapasha hewa yake, hewa inatoroka, hairudie. Beni na Butembo niliandika tu juu ya kuonyesha joto na baridi."

Askari wa pili, mzee kidogo, aliangalia sare yangu, kisha uso wangu.

"Uko classe ya ngapi?"

"Quatrième. Niko na exposé saa ine."

"Na hewa ikiisha, batu ya kule banafanya nini?"

"Kule hakuna batu."

"Heri yao," akasema. Akanipa biki yake. "Futa majina ya miji. Na siku ingine usitembee na mishale ku barabara."

Nikapiga goti kwenye matope nikafuta. Biki ilitoboa karatasi. Ku mchoro yalibaki maneno mawili tu, joto na baridi.

Niliingia darasani saa nne na dakika kumi, matope magotini. Prof alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kuchukua nafasi yangu.

"Tulisema umeshaenda kununua uzi," opposant akasema.

"Kaa kimya," prof akamwambia, na kwangu, "Anza."

Nikabandika mchoro, nikaanza kwa Kifaransa. Sauti ilikuwa ndogo. Nyuma wakasema hawasikii. Nikaongeza kidogo, ikavunjika, nikaendelea. Sikuwaangalia. Niliangalia dirisha na kusema kila kitu nilichokuwa nimejifunza jikoni, na nilipomaliza nikaona nilikuwa nimetumia dakika kumi na mbili tu.

Opposant akasimama. Alifunga kifungo cha shati kama mtu anayekwenda kuhubiri.

"Swali ya kwanza. Zile sayari ziko mbali, hakuna aliyefika. Nani aliona hewa inatoka?"

Hilo lilikuwa ku ukurasa wa tatu. Nikamjibu kwamba sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo. Wakiangalia ku rangi ambayo hidrojeni inaizuia, unapungua zaidi, kama sayari imenenepa ghafla, na kwa nyingine unabaki umepungua hata baada ya sayari kupita, kwa sababu gesi inaifuata nyuma kama mkia. Prof akaandika kitu. Nikapumua.

"Swali ya pili. Ku mchoro yako, juu ni baridi. Ni vile?"

"Ni vile."

"Gesi ya baridi, chembe zake zinatembea polepole. Prof alitufundisha mwezi wa kwanza. Gesi ya moto njo inakimbia. Donc, hii gesi yako ya baridi inatoroka na mbio gani?"

Nikageuka kuangalia mchoro. Nikaona. Palepale nikaona, kama mtu anayeona shati yake imegeuka nje akiwa tayari kanisani. Mishale yote ilikuwa inatoka ku buluu.

Darasa likanyamaza. Nilijua kimya kile, nilikuwa nimeishi ndani yake tangu mwezi wa tisa. Baada ya muda prof angesema bon, rudi ukae. Mu sac yangu kulikuwa na ukurasa wa pili, na mstari wangu wa buluu. Ningeweza kusema karatasi njo ilisema vile. Prof hangeikumbuka sentensi moja. Lakini angeiomba aione.

Nikatoa ukurasa.

"Ku karatasi ya prof waliandika juu kuna joto," nikasema. Kifaransa kilikuwa kimeniacha, nilisema Kiswahili. "Mimi njo nilikata. Nilifikiri ni makosa."

Walicheka mpaka mabanc yakagonga ukuta. "Anasahihisha hata basavants ba sayansi," mmoja akasema. Opposant hakucheka, alikuwa anahesabu pointi zake. Na prof hakucheka.

"Kwa nini uliikata?"

"Sababu ya barabara, prof. Ukitoka Beni unapanda, unavaa pulovera. Kila mara."

"Mais ni kweli," sauti ikasema nyuma. "Juu ni baridi. Musienene ni baridi." Wengine wakaitikia, na kicheko kikaisha chenyewe, maana wengi wao wangeikata vilevile.

"Basi atuambie," opposant akasema. "Kama karatasi iko sawa, kwa nini kule juu kuna joto? Asome tu haitoshe. Aeleze."

Jua lilikuwa limetoka baada ya ukungu wa asubuhi, na mabati juu yetu yalianza kulia, tak, tak, kama yanavyofanya yakipata joto. Nikayasikiliza. Miguu yangu ilikuwa baridi juu ya simenti. Prof aliangalia saa.

"Mabati," nikasema.

"Mabati nini?"

"Sasa hivi mukiyagusa mutaungua. Hapa chini simenti iko baridi. Jua inakuta kwanza mabati, inaishia pale." Nilisema polepole, nikiogopa wazo lisikatike. "Ku barabara yetu haiko vile. Mwanga wa jua unapita mu hewa, haisimame, unafika ku udongo. Udongo njo unapasha hewa. Njo maana Beni iko karibu na jiko, na sisi tuko mbali. Mais ile mwanga ya nyota yenye hatuone, X na ultraviolet, haipite. Gesi ya kwanza yenye inakuta, inaimeza. Na ya kwanza ni ya juu. Donc juu njo kunawaka. Na kwa kuwa kule mvuto umepunguka kidogo, ile ya moto inaenda."

Nikachukua chaki. Ikalowa, nikaandika nayo hivyohivyo: mstari mzito, mbaya, juu ya neno baridi. Chini yake, joto. Herufi ziliteremka kama zimelia.

"Hata kwetu hapa duniani," prof akasema kwa darasa, "ukipanda kupita ndege zote, utaikuta hewa nyembamba yenye joto kali. Barabara ya Kabasha haifike kule, njo maana." Akamgeukia opposant. "Uko na swali ingine?"

"Hapana."

"Mchoro wa makosa, ninatosha pointi. Kukata sentensi bila kuniuliza, ninatosha tena, na hiyo utanipatia karatasi yangu safi. Jibu, ninaweka." Akaandika, akafunga kitabu. "Kumi na tatu ku makumi mbili."

Nilikaa. Nikafuta chaki ya mikono ku sketi yangu, nikangoja kengele.

Matokeo yalibandikwa mwisho wa mwaka. Fizikia, nusu na pointi mbili juu. Nilibaki scientifique. Nilikaa mbele ya ile karatasi mpaka wengine wakanisukuma, kisha nikampigia mama, akasema wasingya, asante ya kwetu, akaisema kwa Mungu, si kwangu, akarudi kwenye kakao yake.

Sasa niko cinquième, darasa linalofuata. Woga haujaisha, nisidanganye mtu, jana tu nimepewa zéro moja ya kunyamaza. Lakini kwa exposé ya wiki ijayo prof amenitaja mimi kuwa opposant. Atakayesema ni msichana mpya aliyetoka Mabalako, anakaa nyuma yangu, na mguu wake unatikisika mpaka banc yangu inasikia. Nimemwandikia maswali matatu. Lile gumu nimeliweka mwisho, baada ya mawili ambayo najua anayaweza.